Jembe la Posa Ndani ya Buti

Wote mliowahi kupita kwenye kibanda changu cha kuchajia betri, pale Kasulu nyuma ya soko, mnaijua habari ya mama wa maji ya kisima. Mama mmoja wa Kagerankanda alileta betri ya redio, ikavimba ikiwa kwenye chaja, nikamwambia: umeweka maji ya kisima, umeiua mwenyewe. Kila niliyemfundisha kazi nilianza naye hapo. Maji ya kisima yana chumvi na udongo, betri inataka maji yake yaliyosafishwa, ukibisha utakuwa kama yule mama. Mlicheka. Na mimi nilicheka.

Naandika ili muifute hiyo habari. Msiifute yote, maana maji ya kisima kweli yanaua betri. Lakini yule mama hakuweka maji ya kisima. Nitafika hapo. Kwanza niwaambie habari ya gari la mjukuu wangu Obedi, kwa sababu ndilo lililonifikisha, na lilinifikisha likiwa limezimika.

Kazi nimeacha. Kifua kilikataa mvuke wa asidi, na sola zikaingia kila nyumba, watu wakaacha kufunga betri kwenye baiskeli kuja kwangu. Sisikitiki. Sola ni kitu kizuri, inakuwezesha kuharibu betri ukiwa nyumbani kwako bila kunisumbua mimi.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, mfanyabiashara aliyekuja Kasulu kutoka pwani na jenereta moja na chaja moja, akaoa kwetu, hakurudi tena. Mimi nilikuwa namfagilia duka. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na Kiswahili changu wakati ule, alisema yeye, kilikuwa Kiha kilichoazima kanzu. Siku fundi wake alipoondoka bila kuaga, Mzee aliniangalia na ufagio wangu akauliza, "Wewe unaogopa kuungua?"

Nikasema ninaogopa.

"Vizuri. Yule alikuwa haogopi."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Siku hizi naona mnapeleka karatasi nane.

Akanionyesha vichwa viwili vya betri, kimoja kina alama ya kujumlisha, kingine kina kistari. Akaona nababaika. Yeye Mwislamu wa swala tano, akaniambia, "Binti, wewe Mkristo. Msalaba ni nyekundu. Tumemaliza." Mpaka leo nikitazama betri nauona msalaba kwanza. Na alama ikiwa imefutika, shikeni vichwa kwa vidole. Kichwa kinene ndicho cha msalaba, chembamba ni cha kistari. Rangi ya waya msiiamini. Waya imefungwa na mtu, na mtu hufunga waya aliyoikuta nyumbani.

Kila asubuhi, kabla sijagusa klipu, aliniuliza, "Nyekundu kwa nini?" Najibu, "Kwa nyekundu." "Nyeusi?" "Kwa nyeusi, Mzee." Kila asubuhi, mbele ya wateja na betri zao, mpaka wengine wakadhani ni dua ya kufungulia duka.

Mengine nilijifunza kwa ngozi. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, na ukigeuza, ukamimina maji kwenye asidi, itakurukia usoni. Ikimwagika sakafuni, majivu ya jikoni yanaizima. Ikikugusa mkono, maji mengi, usianze kutafuta mtu wa kumlaumu. Kitenge changu cha kazi kilitoboka mpaka Mzee akaniuliza kama nakitumia kuchujia tui la nazi. Nazi yenyewe kwetu milimani tulikuwa tunaisikia tu.

Sasa gari.

Mjukuu wangu Nestori, mwalimu hapa Kasulu, alimpata binti wa Kitahana, wilaya ya Kibondo, jina lake Velediana. Wazee wakapanga siku ya posa. Siku ya kwanza mvua ilikata barabara, hatukufika. Shangazi wa binti, ambaye mimi nilikuwa simjui, akatuma neno: siku ya pili ipo, ya tatu haipo. Na hiyo ya pili, jembe liwe limetua kabla jua la asubuhi halijatoka barazani kwake.

Jembe la posa hamlijui ninyi. Nyumba nyingi sasa zinapokea bahasha. Nyumba ile haijaacha jembe. Linaletwa jembe jipya ambalo halijagusa udongo, linawekwa chini mbele ya shangazi, ndipo maneno ya ndoa yanaanza. Kabla halijatua, mgeni wa posa haombi kitu chochote pale nyumbani. Haombi maji, haombi kiti, haulizi choo kiko wapi. Ukiomba kabla ya jembe, wao wanasema umekuja kuomba, hukuja kuoa, na unarudi ulikotoka. Nestori alinieleza haya mara tatu, macho yamemtoka. Alimpenda yule binti hata kusahihisha madaftari kulikuwa kumemshinda.

Tulitoka Kasulu alfajiri watu watatu. Mimi, mshenga wetu Mzee Zakaria, na Obedi, binamu yake Nestori, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam na gari lake. Bwana harusi haendi siku ya jembe, anabaki nyumbani kupiga simu.

Gari lilikuwa jeusi, la chini, linawaka kwa kubonyeza kitufe. "Bibi, hii ni mashine," Obedi akaniambia. "Unagusa tu, kila kitu kinajibu."

"Betri yake iko wapi?"

"Bibi nawe. Magari ya sasa hayana stori za betri."

Nikanyamaza. Kunyamaza kunanigharimu, lakini ilikuwa siku ya posa.

Jembe liliingia kwenye buti, limeviringishwa gazeti. Tukafika njia panda ya Kitahana mapema, jua bado changa. Kutoka pale mpaka nyumbani kwa binti ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja. Sisi tulitumia zaidi ya saa nzima, kwa sababu Mzee Zakaria yumo garini, na Mzee Zakaria hampiti mtu mzima bila kumsalimu.

"Simamisha, mwanangu. Zima chombo. Mtu mzima hasemeshwi kinanguruma."

Obedi anazima. Mzee anashuka. "Mwakeye." Wanashikana mikono mpaka viwikoni, wanainama, wanaulizana watoto, wajukuu, maharage, mvua, goti la kushoto, goti la kulia. Anarudi. Obedi anawasha. Hatua mia mbili, mzee mwingine yuko mlangoni.

Nilihesabu mara tisa. Na kila injini ilipozimwa, Obedi aliacha muziki unaimba, feni inapuliza, simu mbili zinachaji, na taa za mbele zinawaka mchana kweupe, eti ndio mtindo.

Hapa msikilize, hii ndiyo faida ya kusoma mpaka hapa. Hakuna kinachokula betri kama kuwasha injini. Injini ikizunguka muda wa kutosha inairudishia. Ukiwasha, ukaenda hatua mia mbili, ukazima, ukawasha tena, hujairudishia kitu. Ongeza muziki na taa, na betri yenyewe kuukuu. Betri ya Obedi iliuawa na salamu za Mzee Zakaria, na kwa kweli zilikuwa salamu nzuri sana.

Tulipofika uani, desturi ni kusubiri mpaka uitwe. Tukasubiri garini, muziki unaendelea. Tukaitwa. Tukashuka, Obedi akafunga milango kwa rimoti, ikalia kidogo kama kifaranga mgonjwa. Shangazi alikuwa barazani, kakaa kwenye kigoda, kitenge kimemfunika nusu ya uso kwa sababu ya jua. Mzee Zakaria akaanza salamu. Obedi akaenda nyuma ya gari kuchukua jembe. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa adabu. Akabonyeza bila adabu. Nikamfuata.

"Bibi, buti limegoma."

"Fungua kwa ufunguo."

"Halina tundu. Ni la umeme."

"Na betri iko wapi?"

Akakuna kichwa. "Ndani ya buti."

"Waya za kubusti?"

"Ndani ya buti."

"Na jembe?"

"Bibi, si unajua."

"Najua. Nataka usikie mwenyewe."

Simu ikalia. Nestori. "Limetua?" Obedi akamwambia bado wanasalimiana, na hakusema uongo. Mzee Zakaria alishanitupia jicho akaelewa. Akarudi kwa shangazi na watu wake, akaanza upya. Alimuuliza hali kila aliyekuwepo, kisha akaingia kwa wasiokuwepo. Mimi nimeishi na Waha maisha yangu yote, nami ni mmoja wao, sijawahi kusikia mtu akiuliza afya ya ng'ombe aliyeuzwa.

Obedi akataka tulisukume. Nikamwambia gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukuma, mtalisukuma mpaka Kibondo mjini na mkifika mtakuwa mmefika Kibondo mjini. Akafungua simu, akanionyesha mtu kwenye video amejilaza ndani ya gari, anavuta kamba nyuma ya kiti, buti linafunguka. Gari la kwenye simu halikuwa lake. Lake nyuma ya kiti, alisema, ni bati tupu. Akapiga kwa fundi Kibondo mjini, fundi akasema anakuja saa nane. Jua lilikuwa limeshaacha theluthi ya baraza.

"Tuazime betri ya pikipiki," akasema.

Pikipiki zilikuwepo uani, mbili. Zote za kaka zake Velediana, kwa hiyo haziombwi. Na hata zingeombwa, nilizitazama: betri zilishatolewa siku nyingi, zinawashwa kwa kiki.

Kisha nikaona kitu ambacho ni afadhali nisingekiona. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Ndani, juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama picha ya harusi, ilikuwa betri ya sola. Volti kumi na mbili, ile ya zamani yenye vifuniko. Kutoka kwenye gari mpaka pale ni hatua ishirini. Na hatukuruhusiwa kuomba hata maji.

Nilikuwa bado naitazama ile betri shangazi aliposhusha kitenge usoni.

"Mwakeye, Mama Chaji," akasema.

Hilo jina ni la Kasulu. Kitahana hakuna anayelijua. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa amezeeka kama mimi, lakini kile kidevu, na namna ya kushika shingo wima kama amebeba kitu kichwani, niliijua. Alikuwa ndiye mama wa maji ya kisima. Jina lake Leokadia. Alipokuwa ameolewa Kagerankanda ndipo alipokuja kwangu, na mume alipofariki alirudi kwao Kitahana.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Ilikuwa Ijumaa, Mzee Shabani ameenda msikitini, na kwa mara ya kwanza ameniachia chaja peke yangu. Wateja wamejaa. Betri ya Leokadia ilikuja na waya zake zimefungwa, nyekundu na nyeusi. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na kiburi, vyote kwa siku moja. Nikabana klipu nyekundu kwenye waya nyekundu. Sikushika vichwa kwa kidole. Ile waya nyekundu ilikuwa imefungwa kwenye kichwa chembamba, cha kistari. Nilikuja kusikia harufu ya mayai viza, nikageuka, ubavu wa betri umevimba kama shavu lenye jino bovu.

Ningeweza kusema. Mzee angenigombeza, labda angenifukuza, na mimi nilikuwa nalisha watu nyumbani. Leokadia alipokuja kuichukua, kata kichwani, mtoto mgongoni, nikasema mbele ya wateja, "Umeweka maji ya kisima. Umeiua mwenyewe."

"Niliweka maji niliyonunua hapa kwako," akasema.

"Basi umechanganya."

Watu wakacheka. Akaiinua betri, akaiweka juu ya kata, akaondoka nayo shingo wima.

Mzee Shabani aliporudi alinusa hewa. Akatazama klipu, akanitazama mimi. "Maji ya kisima?" akauliza. Nikasema ndiyo.  Kesho yake asubuhi hakuniuliza nyekundu kwa nini. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki. Wateja walidhani sasa nimehitimu.

Na mimi ile habari nikaifanya somo. Ninyi mlisomeshwa uongo wangu na mkafaulu vizuri.

Basi pale Kitahana nilisimama kati ya gari na baraza. Jua lililobaki lilikuwa upana wa mkeka mmoja. Ningeweza kurudi kwenye gari, nikaacha Nestori akose mke kwa sababu ya kitufe. Nikaenda barazani, nikakaa chini kwenye udongo, maana kiti sikuwa nimepewa.

"Mgeni wa posa haombi kabla ya jembe," Leokadia akasema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa ameona kila kitu. Obedi alikuwa amelizunguka gari mpaka ametengeneza njia.

"Siombi. Nimekuja kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Neno. Nilikuambia umeiua betri yako kwa maji ya kisima. Hukuiua. Nilibana waya kinyume mimi, nikakusingizia wewe."

Mzee Zakaria, ambaye alikuwa amefika kwenye hali ya mizinga ya nyuki, akaacha katikati. Ukimya wa Mzee Zakaria ni kitu ambacho watu wa kwetu hawajakizoea.

Leokadia hakunitazama. Alitazama mgomba ulioko pembeni ya ua.

"Wiki ile unajua redio ilitangaza nini?"

"Sijui."

"Ilimtangaza baba. Asubuhi mara mbili, jioni mara moja. Sisi tulikuwa Kagerankanda na redio bubu. Habari aliniletea mtu wa baiskeli, siku ya nne. Nikaja, nikakuta wameshazika. Yuko pale nyuma ya mgomba." Akakusanya kitenge magotini. "Mume wangu alisema nimeua redio kwa uchoyo wa kutonunua maji. Nilibisha mwaka wa kwanza. Baadaye nikakubali. Nilijiambia, Leokadia, ungeweka maji mazuri ungemzika baba yako."

Mimi ni mtu wa majibu. Waliofanya kazi na mimi wanajua, hata swali halijaisha nimeshajibu.  Pale nilitazama mikono yangu. Ina madoa ya asidi mpaka leo, lakini hayo ni ya kazi, mtu huyaonyesha kwa majivuno. Doa hili sikuwahi kulionyesha.

Leokadia akageuza uso ndani ya nyumba. "Leteni ile betri," akasema.

"Hatujaomba," Mzee Zakaria akasema haraka.

"Najua hamjaomba. Mngeomba ningewafukuza. Nataka kuona kama mikono yake imejifunza."

Betri ikaletwa na waya zake. Obedi akasimama, haelewi aanzie wapi, milango imefungwa na rimoti haiifungui tena. Nikamnyang'anya rimoti, nikasukuma kibanio cha pembeni, nikachomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani.

"Kumbe kuna ufunguo humu?" akasema.

"Umo tangu ulipolinunua."

Ufunguo ukafungua mlango wa dereva. Ndani, chini ya usukani, kuna mkono wa kuvuta boneti, na boneti haihitaji umeme. Yule mtu wa kwenye video hakumwambia hilo. Gari ambalo betri yake iko nyuma, mbele kwenye injini huwa kuna kichwa kidogo cha kuazimia umeme, kimefunikwa kifuniko chekundu chenye msalaba. Mimi nilionyeshwa na dereva mmoja Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuja kibandani kwangu na gari la namna hiyo. "Mama, batri iko nyuma," aliniambia, "lakini mulango yake iko huku mbele." Nilimlipisha kuchaji, yeye hakunilipisha somo.

Nikafungua kifuniko. Nikashika waya nyekundu. Leokadia alikuwa ameshuka barazani, amesimama ubavuni kwangu, na nyuma yake ukoo mzima wa bibi harusi.

"Nyekundu kwa nini?" akauliza.

Aliisikia pale dukani, siku aliyoleta betri yake, akiwa amesimama na mtoto mgongoni. Aliikumbuka miaka yote hii. Mimi mwenye miaka yangu, na mjukuu wangu ananitazama, nikajibu kama binti wa kufagia.

"Kwa nyekundu, shangazi."

"Shika kwa kidole kwanza."

Nikashika vichwa vya betri ya sola, vyote viwili. Kinene, chembamba. Waya nyekundu ilikuwa kwenye kinene.

"Nyeusi?"

"Zamani tulisema kwa nyeusi. Kwenye gari hili, kwenye chuma kitupu cha injini."

"Hiyo mpya."

"Hiyo mpya."

Waya za sola ni nyembamba. Haziwashi gari, na mkijaribu zitayeyukia mikononi mwenu. Lakini buti halitaki nguvu, linataka umeme kidogo wa kufungua kufuli. Nikabana. Taa za ndani zikawaka. "Bonyeza," nikamwambia Obedi. Buti likafunguka kwa sauti ndogo, kama mtu anayesonya.

Mzee Zakaria hajawahi kutembea haraka vile. Jembe lilitua barazani jua likiwa limebaki upana wa kiganja. Leokadia akafungua gazeti, akapitisha kidole kwenye makali.

"Halijagusa udongo."

"Halijagusa," tukasema.

"Wapeni wageni maji."

Nestori alipopiga tena, nilipokea mimi. Nikamwambia limetua, akasahihishe madaftari.

Maneno ya ndoa yalikwenda mpaka mchana, na sitayaandika, ni ya watu wa nyumba ile. Tulipomaliza, Obedi alitoa waya za kubusti, zile nene, akaunga betri ya sola na ya gari. Mara hii alishika vichwa kwa kidole bila kuambiwa. Gari likawaka. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga tangu saa saba, na ile betri ya sola, kwa umri wake, ilimaliza nguvu zote kwetu. Leokadia aliingia ndani, akazungusha kitufe cha redio. Kimya. Akatoka tena mlangoni.

"Basi," akasema, "leo tena sitasikia matangazo."

Hakuwa anacheka. Nilikuwa nimeshakaa garini, mlango umefungwa. Nikafungua mlango, nikashuka, nikamwambia Obedi ampeleke mshenga wetu, mimi nabaki. Mzee Zakaria akaanza kuaga. Nikamwambia Obedi asizime injini kwa sababu yoyote, hata akikutana na askofu.

Nilikaa Kitahana siku tatu. Niliosha vichwa vya ile betri kwa maji ya moto mpaka unga mweupe ukatoka, nikavipaka grisi. Nikafungua vifuniko kuangalia maji, nikategemea nitakuta uchafu. Yalikuwa safi, yamefika kwenye alama kila seli, kuliko betri yoyote niliyowahi kuona kwa mteja.

"Tangu siku ile sijawahi kuweka mengine ila ya dukani," Leokadia akasema nyuma yangu. "Nayafuata mjini kwa miguu."

Kwa hiyo ninyi, mkifundisha wenzenu, fundisheni kuhusu maji. Lakini yule mama mumtoe. Mniweke mimi, na waya nyekundu, na kidole ambacho sikukitumia.

Siku ya tatu mawingu yalifunguka. Mchana betri ikajaa. Jioni, jua bado lipo, akawasha redio, tukakaa barazani, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye kiti nilichopewa. Matangazo ya vifo yakaanza. Walisoma majina ya watu wa mbali, na majina ya jamaa zao na mahali waliko, na siku ya maziko. Hakuna tuliyemjua hata mmoja. Tukayasikiliza yote mpaka mwisho.